Asali ya Mguu wa Adriano

Kidonda cha shemeji yangu Adriano kilinuka hadi mlangoni. Alijikata muundi kwa jembe akipalilia maharage, akapuuza, kisha akafunika kwa majani, kisha akanywa nusu ya vidonge vya dispensari akaacha. Mwanamume mzima! Na mimi ndiye niliyemwomba Mungu apone, tena kwa moyo wangu wote, kwa sababu mguu ule ulikuwa umeshikilia shamba langu.

Niseme wazi. Marehemu mume wangu, Venansi, alizaliwa hapa Gishubi, akakimbilia Tanzania, akafia kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi na binti yetu Lucia tuliporudi, tulimkuta Adriano, mdogo wake, analima shamba lote la baba yao. Hakutufukuza. Alikubali mbele ya bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za kilima chetu, kwamba sehemu ya Venansi ipo. Ila mahali inapoanzia na kuishia anapajua yeye peke yake, na huku kwetu mpaka hauonyeshwi kwa kidole. Anayeujua anautembea kwa miguu yake, wazee wanamfuata, na minyaa, miti ya uzio, inapandwa alipopita. Sasa yeye, masikini wa Mungu, hawezi kutembea.

Wazee wakasema mimi Martha niendelee kulima nilipoanza, hadi mgonjwa asimame. Nami nilikuwa nimeanza bondeni, kwenye udongo mweusi, na mahindi yangu yalikuwa yamenipita kimo. Mwenye akili angenyamaza akalima. Mimi nilitaka minyaa. Nilikuwa nimechoka kuishi kwa ruhusa, kambini ruhusa, nyumbani ruhusa. Nilitaka Lucia awe na kwao.

Dawa niliijua. Kule Tanzania Venansi alitundika mizinga porini, na asali yetu ilitibu majeraha ya moto na vikohozi vya kambi nzima, isipokuwa watoto wachanga, maana hao hatukuwapa kamwe. Lakini asali niliyoiona sokoni Gitega ilikuwa imechemshwa na kuongezwa sukari. Ya hivyo ni ya kunywea chai. Nikasafiri hadi Muyinga kwa rafiki yangu Hidaya, ambaye mumewe, Ilyasi, huinunua kwa warina asali wenyewe.

"Hii iko mbichi, Mama Lucia," Hidaya aliniambia, akinionyesha vipande vya nta vinavyoelea. "Haikuona moto. Ukiipasha, unabaki na sukari tu. Na mugonjwa ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Ule wa shamba?" Akacheka hadi akajishika kiuno. "Mi ningemuachia kidonda yake. Alors, we uko mutu wa Mungu!"

Nilimwona hana utu. Nilichukia njia nzima ya kurudi.

Adriano aliponiona na chupa alinisemesha Kiswahili, ingawa Kirundi nakijua vizuri. Ndivyo alivyofanya siku zote, nisije nikasahau kwamba mimi ni wa kuja.

"We mwanamuke wa Tanzania, unataka kuniponesha ao kunipika? Inzi watanikula!"

Nilichemsha maji ya chumvi nikayaacha yapoe, nikaosha usaha, nikapaka asali nene kwenye kitambaa safi nikafunga. Kesho yake hivyo hivyo, na kila siku. Kwanza harufu ilikwisha. Kisha usaha ukakauka, ikaja nyama nyekundu, kisha ngozi changa ikaanza kutambaa kutoka pembeni. Nilifurahi kama mjinga. Nilimpeleka Lucia akaone.

Asubuhi ya kutembea mpaka Adriano alikunja suruali hadi magotini, akaanza kutembea kutoka kisimani. Alikwenda kwa hatua ndefu, wazee wakihema nyuma yake. Tulipokaribia bonde nilingoja ateremke. Hakuteremka. Alikata kushoto, akapita juu kabisa ya mahindi yangu, yakabaki upande wake, akaniachia mteremko wa mawe ambapo hata mbuzi hana cha kutafuta.

"Huo si mpaka!" nilipiga kelele. "Mnamwona? Anadanganya!"

"We uliuonaka lini?" Adriano aliuliza, bila hata kuhema.

Mzee Longino, mkubwa wa bashingantahe, aliinua fimbo yake. Akasema kilima hiki kina namna yake ya kujua. Anayedanganya juu ya ardhi ya baba yake, mguu humkataa. Atachechemea au atajikwaa kabla hajamaliza. Wao wenyewe macho yamezeeka. Akanigeukia.

"Martha, wewe ulikuwa karibu naye kuliko sisi. Mguu wake umesita popote?"

Niliutazama ule muundi. Ngozi ilikuwa imefunga sawasawa, laini, inang'aa. Lucia alikuwa amenishika mkono, na kilima kizima kilikuwa kimeona nilichokiona.

"Hapana," nikasema. "Haujasita."

Wakaanza kuchimba mashimo ya minyaa.