Santuri ya Mhoja

Mimi Jilala ni mtengeneza ngoma, na sipendi kufundishwa. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akanionea huruma kupita kiasi.

Mwanangu Mhoja alikufa Mwanza mwaka 1955, kwa homa ya siku nne, akazikwa hukohuko kabla habari haijafika Bariadi. Mke wangu Milembe hakumfumba macho wala hakuona akishushwa kaburini. Kilichoturudia ni furushi: blanketi, mashati mawili, na santuri moja iliyofungwa kwa gazeti. Alilileta kijana mmoja aliyefanya kazi naye kwenye kiwanda cha pamba. Alisema alipita mtu mwenye mashine ya kunasa sauti, Mhoja akaimba wimbo wake mbele yake, na pale pale akakabidhiwa santuri ile. Hapakuwa na nyingine kama hiyo duniani. Chini ilikuwa bati, juu imevikwa kitu cheusi, laini kama ngozi.

"Msitumie sindano ya chuma," kijana alituonya. "Itaikwangua yote. Chongeni mwiba."

Milembe aliilaza santuri kitandani, upande wa ukutani. Miezi ikapita. Hakunisumbua, hakulia mbele yangu, ila jioni moja aliniambia, "Baba Mhoja, nataka nimsikie."

Mashine ya kupigia hatukuwa nayo. Gramafoni mpya zilikaa dukani zikingoja wenye mali, na sisi pamba yetu ilitosha chumvi, kodi na nguo. Basi nikaanza kuokoteza. Bandu bandu huisha gogo. Sanduku la gramafoni nililipata kijiji cha Sola, kwa mjane wa katekista. Kuku walikuwa wakitagia ndani yake na springi ilikuwa imekatika. Nilimpa ngoma mbili, akazipokea akicheka. Mpaka leo sijui alizifanyia nini.

Springi niliipeleka Somanda kwa Januarius, fundi wa kurekebisha cherehani. Aliipasha moto ncha yake, akaitoboa tundu jipya, akaikunja akiitukana kwa Kisukuma mpaka ikakubali kurudi mahali pake. Pembe ya kutolea sauti tuliikata kwenye debe la mafuta ya taa. Ilitetemeka kama meno ya mwenye baridi, nikaziba maungio kwa nta ya nyuki, ikatulia. Kilibaki kichwa kinachoshika mwiba. Tulikipata Mwandoya, lakini utando wake ulikuwa umetoboka.

"Hapa tumekwama, mzee," Januarius alisema. "Utando huu hautengenezwi huku."

"Nani kasema?" nilimjibu. Nilichukua kibofu cha mbuzi, nikakikwangua mpaka kikapitisha mwanga, nikakiwamba kwenye kile kichwa. Januarius akaleta santuri yake kuukuu ya magitaa. Magitaa yakalia! Yalilia kwa sauti ya puani, lakini yalilia. Alinipigia makofi, nami nikavimba kichwa. Tangu siku ile nilijiona naijua gramafoni. Ni ngozi tu, nilijiambia, na ngozi ni kazi yangu.

Tulipanga tumsikilize Mhoja Jumapili, Milembe akitoka misa. Mimi sikubatizwa, nikabaki nyumbani kutayarisha. Nilichonga miiba mitatu ya mgunga. Kisha nikaifungua santuri, nikaona imefanya ukungu mweupe, kama ngozi iliyokosa mafuta.

Kwetu ngoma mpya haipigwi ikiwa baridi. Unaipaka samli, unaianika juani, ngozi inajivuta, na sauti inatoka kifuani. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu kabla yake. Nilitaka Milembe amsikie mwanawe kwa sauti nzima, si ya puani. Nikaipaka samli taratibu, kwa kidole, mstari kwa mstari. Nikaenda kuilaza juu ya jabali nyuma ya nyumba, jua likiwa utosini, nikarudi ndani kujaza springi.

Nilipokwenda kuichukua, ile ngozi nyeusi ilikuwa imeumuka malengelenge. Mengine yalikuwa yamepasuka, na bati linang'aa chini yake. Niliinua santuri, kipande kikubwa kikabaki kwenye jiwe. Mpumbavu mimi! Kijana wa watu alinionya juu ya sindano. Angejuaje kwamba kuna mzee atakayeianika santuri? Nilikaa chini nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya msiba.

Milembe alinikuta pale pale, na santuri mapajani. Sikuficha.

"Niliipasha," nilimwambia. "Niliipasha kama ngoma. Nimemwua mara ya pili, mama Mhoja."

Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Alifuta samli kwa pindo la nguo yake ya kanisani, akasema, "Iweke."

"Imekwisha."

"Nimesema iweke."

Tukaingia ndani, akakaa kwenye kigoda, nami nikaiweka. Mwiba ulirukaruka kwenye malengelenge, kra, kra, hakuna wimbo, hakuna mtu. Niliuinua, nikatafuta. Karibu kabisa na karatasi ya katikati palibaki ukanda mwembamba ambao haukuumuka, usiozidi upana wa kidole. Nikauteremsha mwiba hapo.

Wimbo ulikuwa umekwisha kuimbwa. Tulisikia pumzi, pumzi ya mtu aliyeimba kwa nguvu zake zote. Kisha Mhoja, kwa sauti yake ileile, akamwambia yule mtu wa mashine, "Naomba maji."

Basi, hayo tu. Mwiba ukafika kwenye karatasi ukaanza kukwaruza.

Milembe aliinuka haraka, kama mama yeyote anayeitwa. Alikwenda kwenye mtungi, akachota kata ikajaa, akageuka nayo. Nilimwita jina lake. Nilimwomba anisamehe. Hakunisikia. Alisimama katikati ya chumba, maji yakimdondoka vidoleni, ameinyoosha ile kata mbele, akingoja mtu aipokee.