Drafti Wakati wa Kungoja Majibu

Hospitali waliahidi kupiga simu asubuhi, waniambie kama vidonge bado vinaizuia saratani ya damu ninayoishi nayo. Mpaka jioni, kimya. Wakubwa wa hospitali hiyo ndio walewale waliomsubirisha mke wangu mashine ya vipimo hadi akazikwa.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alitandika drafti kwenye benchi la karakana yangu ya baiskeli.

"Cheza, bwana. Umekunja uso utadhani umelamba ndimu."

Nilicheza, macho kwenye simu. Ghafla nikaona njia ya kumla kete tatu kwa mpigo. Simu ikalia.

"Pokea!"

"Ili uniibie?"

"Pokea, shemeji! Presha itakuua kabla ya saratani."

Nilipokea. Muuguzi akasema ugonjwa upo, lakini haujapanda. Niendelee na vidonge vilevile. Majibu yalikuwa tayari tangu juzi. Nikafungua mdomo niwatukane wakubwa zake, jicho likaangukia ubao. Kete yangu haipo.

"Rudisha!"

"Kete gani? Wewe mgonjwa, umesahau."

"Naumwa damu, siumwi macho! Fungua kiganja!"

Akatimua mbio barabarani. Nikamfukuza mpaka kwa muuza mkaa, namtukana huku nacheka, simu bado iko hewani.