Baiti Nne za Dada Mtu

Pale karakana ya miwani walimwita Mabano, kwa sababu programu zake zilijaa mabano kuliko maneno. Aliandika kwa Lisp, lugha kongwe ya kompyuta, na kwa miaka mingi hakuna lenzi iliyokatwa bila hesabu zake. Kisha akamtafutia kazi mdogo wake wa kike, tumbo moja, na hapo ndipo alipojipalia makaa.

Mdogo mtu aliandika kwa C, lugha ya mashine mpya ya kukatia. Alikuwa mwepesi, mcheshi, na bosi hakumaliza sentensi bila kumtaja. Kitengo cha programu kilitafuta kiongozi, na Mabano alikitaka cheo hicho kwa udi na uvumba. Kila mdogo wake aliposifiwa, roho ilimuuma; alicheka na wenzake, kisha akaenda kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Lisp na C hazielewani zenyewe. Lazima mtu aieleze Lisp kila kitu cha kigeni kitakachopita kati yao: hii ni namba nzima, hii ni ya desimali, hii inachukua baiti kadhaa, yaani nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukikosea ukubwa, hakuna anayekuonya. Upande wa pili unasoma takataka na kuziamini. Kazi hiyo ya kueleza ilikuwa ya Mabano.

Siku chache kabla ya majaribio, mdogo mtu aliinama mezani kwake akamwambia amebadilisha desimali za unene wa lenzi: zilikuwa za baiti nne, sasa ni nane. Mabano aliitikia "sawa" bila kugeuka. Kwenye faili lake akaacha nne. Alijiambia atarekebisha baadaye, na alijua anajidanganya.

Siku ya majaribio bosi alisimama mbele ya mashine na wafanyakazi wote. Mashine ikaguna, ikasaga lenzi mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ikapasuka. Macho yote yakamgeukia mgeni wa kazi. Mabano aliona raha, raha kweli, wala hakuionea haya.

Mdogo mtu akaomba muda kidogo, akaketi kwenye kompyuta. Alifungua faili lake la C, halafu la dada yake. Mabano, aliyesimama nyuma ya kiti, aliona kishale kikisimama kwenye mstari wenyewe, ule wa baiti nne. Kikakaa pale. Akangoja kuumbuliwa.

Kishale kikaondoka. Mdogo mtu akarudi kwenye faili lake mwenyewe, akazifanya desimali kuwa za baiti nne tena, akaendesha mashine. Lenzi ikatoka safi.

"Kosa lilikuwa langu," akamwambia bosi. "Nilibadilisha bila kumwambia dada."

Bosi akasema kitengo kinahitaji mtu asiyekurupuka, na cheo akapewa Mabano hapo hapo. Watu wakampa mikono.

Wakati wa kurudi nyumbani Mabano alishindwa kujizuia.

"Uliona," alisema.

"Niliona. Kesho weka nane, na mimi nitarudisha nane. Nne zinapoteza usahihi wa lenzi, watu wataumwa vichwa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikitaka sana cheo, dada."

Mdogo mtu akamshika mkono wavuke barabara. Cheo Mabano alikuwa nacho, na wivu haukupungua hata chembe. Sasa aliuonea wivu moyo ule wa mdogo wake, na huo hakuwa na namna ya kumnyang'anya.