Picha za Tumbo la Apua

Apua alimlea Nakeno kwa mkaa. Mama mtu alipokufa, huyu shangazi alimnyonyesha pamoja na bintiye Akai, akambeba mgongoni, gunia kichwani, akizunguka kambi ya Kakuma kuwauzia wakimbizi, na ada ya shule ikapatikana humo humo. Leo Nakeno ana shahada ya uzamivu, ana ofisi yake Lodwar, na watu wanasimama akiingia. Haya basi, sikia alivyolipa.

Utafiti wake ulikuwa juu ya tegu wa mbwa, mnyoo anayejaza matumbo yetu uvimbe wa maji. Kwetu mbwa ni yaya: mtoto akijichafua, humlamba akatakata, na mayai ya tegu hupitia humo. Nakeno aliifundisha kompyuta kutabiri uvimbe utakuaje. Alitamani nafasi ya utafiti ng'ambo, ile ya baada ya uzamivu, na profesa wa huko alishamwambia wazi: picha za wagonjwa waliopasuliwa mapema zipo tele, wanachokosa ni mgonjwa aliyefuatiliwa bila kuguswa.

Wiki hiyo hiyo Apua akaja Lodwar akilalamikia tumbo. Nakeno akampaka jeli, akapitisha mashine ya picha tumboni, akauona: uvimbe kwenye ini, mkubwa kama chungwa. Daktari wa upasuaji alikuwa chumba cha pili.

"Ni nini, mwanangu?"

"Gesi tu, shangazi. Urudi baada ya miezi michache nikuangalie."

Gesi! Mtu amekulea kwa shingo yake, unamwambia gesi. Fadhila za punda ni mateke, lakini punda hana shahada.

Apua alirudi, akarudi tena. Kila mara alileta nyama kavu, akajilaza bila swali, akawatambia waliopanga foleni kwamba anatibiwa na binti yake. Uvimbe ukawa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Muuguzi Ekuru alipoiona picha aliuliza, "Daktari, huyu si wa kupasuliwa?"

"Huyu yuko kwenye utafiti," Nakeno akamjibu. Ekuru akaenda kumwita mgonjwa anayefuata, maana daktari amesema.

Mwaka wa pili Apua akajikwaa na gunia sokoni Kakuma, akaangukia tumbo. Uvimbe ukapasuka ndani kwa ndani, na hospitali hakufika. Nakeno alilia kweli, tusimsingizie. Matangani Akai alimshika mkono akamwambia kwamba naye siku hizi tumbo linamsumbua. Nakeno akamwahidi atamwangalia. Aliporudi ofisini akaingiza tarehe ya kifo kwenye kompyuta.

Husemwa mficha maradhi kilio humfichua. Huyu alificha ya mwenzake, na kilio kikamfungulia mlango. Siku ya mahojiano, profesa alizitazama picha za Apua kwenye skrini, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

"Nafasi ni yako," akasema. "Ila mgonjwa mmoja hatoshi. Unaye mwingine ambaye hajapasuliwa?"

Nakeno hakufikiri sana.

"Yupo," akasema. "Tena bado kijana. Tutamfuatilia miaka mingi."