Ruwaza Iliyochukua Mno

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, programu ya chumba cha baridi ilimwaga maandishi kwenye kompyuta ya dada mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Chujio. Maandishi yalikuwa mengi kama porojo za kwenye foleni: saa, feni, mlango, hitilafu, joto. Bosi alitaka joto tu. Basi Chujio alikuwa ameandika ruwaza, mstari wa alama unaoiambia kompyuta: ukikuta neno "joto", chukua namba inayofuata, mengine yaache yapite.

Tangu Jumatatu, katika hayo mengine, alikuwemo mdogo wake. Alikuwa mpakiaji wa makatoni ya kuku huko chini, ndani ya chumba cha baridi, na mlango wa chumba kile hufungwa kwa nje watu wasiibe. Jumatatu hakuna aliyeufungua, naye akaingia kwenye maandishi, maana ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikitoka. "Joto -18. Dada, vidole sivisikii. Fungua. Feni inazunguka."

"Umepata habari zake?" mama yao aliuliza nyumbani.

"Anaandika, mama."

"Mwambie avae kofia."

Ufunguo alikuwa nao bosi. Chujio alipomwomba, alijibiwa kwamba mlango hufunguliwa zamu ikiisha, na zamu huisha kazi ikiisha. Sikio la kufa halisikii dawa. Alhamisi Chujio akaandika ruwaza nyingine: anzia neno "dada", chukua kila kitu mpaka "fungua". Aliiandika mbio mbio, na haraka haraka haina baraka: alisahau kuiambia ikome kwenye "fungua" ya kwanza. Ruwaza isiyokomeshwa ni mlafi. Hii ilianzia "dada" ya zamani kabisa, ya mpakiaji aliyefungiwa miaka mingi nyuma, ikasomba mpaka "fungua" ya mwisho.

Wakatoka wote. Wapakiaji wa miaka na miaka walijazana ofisini, barafu kwenye nyusi, wakiomba radhi kwa kulowesha sakafu. Mdogo wake alisimama karibu na dirisha akipuliza viganja. Chujio alimkumbatia, akalia bila kuona haya.

Bosi aliingia, akawatazama, akatazama saa ya ukutani.

"Nani kawaruhusu? Zamu yao haijaisha."

"Bosi, wanaganda."

"Si ndiyo kazi yenyewe? Na wewe, ruwaza yako inachukua mno. Irekebishe. Mimi nataka joto."

Wakashuka ngazi wakipishana kwa adabu. Mdogo wake alikuwa wa mwisho. Chujio akavua sweta lake akamvika.

"Nitagombana naye," alisema.

"Usigombane naye, dada. Ukifukuzwa, nani atanisoma?"

Komeo likalia huko chini. Chujio akaketi, akairekebisha ruwaza, na ripoti ikatoka safi, namba tupu. Joto lilikuwa limepanda kidogo kwa sababu ya lile sweta, na bosi akaagiza feni iongezwe kasi.