Ng'ombe wa Mzee Mashauri Ndani ya Simu

Programu ya Zizi niliiandika mimi, Ziada, mwenye diploma, na kila neno lililo ndani yake ni la Kiswahili. Mfugaji anampiga picha ng'ombe wake, anaandika jina, chanjo na uzazi, kisha kila jioni mifugo inaporudi anafungua ukurasa wa kila mmoja na kuhakikisha hakuna aliyepotea. Wafugaji wa Tindiga waliipenda kwa wiki mbili. Baada ya hapo ikaanza kujizima katikati ya kazi.

Lusekelo, mkuu wa ofisi yetu pale Mikumi, akanipa hadi Ijumaa. Nikishindwa, tunaiondoa na kuwanunulia wafugaji programu ya nje, ya Kiingereza. Alisema tatizo ni simu zao za bei poa. Nilimjibu kwamba simu zilizopo ni hizo, na sisi tunawaandikia wenye nazo.

Ofisini haikujizima hata mara moja. Kwa hiyo Alhamisi nikashuka Kilosa mjini, nikachukua boda hadi kwa Mzee Mashauri, ambaye ndiye aliyelalamika kuliko wote. Nilimwamkia, nikatoa kompyuta na waya, nikamweleza kwamba programu isipopona kufikia kesho mkuu wangu anaiondoa, na kwamba nataka kupiga picha ya kumbukumbu ya simu yake huku programu ikifanya kazi. Si picha ya sura. Ni orodha ya vitu vyote ambavyo programu imevishikilia kwa wakati ule. Unapiga moja mwanzoni, nyingine kazi ikiwa imepamba moto, unazilinganisha. Kitu kilichopaswa kuachiwa na bado kimeshikiliwa ndicho kinachoijaza simu mpaka programu inakata roho.

Mzee akautazama waya bila kuugusa.

“Hiyo orodha itakuwa na ng'ombe wangu?”

“Itakuwa nao, mzee.”

“Wote?”

“Wote.”

Akaiweka simu mfukoni. Mkewe, Mama Bernadetha, akacheka, akaniambia kwamba hata wakwe zao hawajui idadi ya mifugo ile. Kuitaja ni kuuita msiba zizini.

Hapo nikaliona kosa langu. Nilipokuwa naiandika programu nilizunguka kwa wafugaji nikiuliza kila mmoja ana ng'ombe wangapi, na kila mmoja alinijibu, “Wachache tu, mwanangu.” Mimi mjukuu wa wafanyakazi wa reli, nimekua nikifuga kuku, niliamini. Nikaijaribu programu kwa ng'ombe sita.

“Nitaona, mzee,” nikasema, “lakini sitasema. Na hiyo picha nitaifuta mbele ya macho yako.”

Mama Bernadetha akamwambia mumewe neno fupi la Kisukuma. Mzee akatoa simu, nikapiga picha ya kwanza.

Ng'ombe walikuwa wanaingia. Akawa anamtazama mmoja, anamwita jina, anafungua ukurasa wake, anakwenda kwa mwingine. Nilipopiga picha ya pili simu iliganda kidogo, kama simu zifanyavyo picha hii inapopigwa, kisha orodha ikajipanga kwenye kompyuta yangu. Kila ukurasa aliokwisha kuufunga ulikuwa bado hai, na picha yake kubwa kifuani. Aliyezishikilia ni mimi. Kuna kipande nilichokiandika kinachouambia ukurasa usubiri picha ifunguke, na sikuandika popote pa kuuruhusu uende zake. Kurasa sita simu inazibeba. Zizi zima la Mzee Mashauri hailiwezi. Na idadi kamili ilikuwa pale, mwisho wa safu. Hata wewe unayesoma huipati kwangu.

Nikampigia Lusekelo kumweleza nilichokipata. Akataka nimtumie faili akalionyeshe kwenye kikao. Nikakataa, nikasema lina siri ya mwenyewe. Akasema basi nimpe walau idadi ya ng'ombe, aiandike kwenye ripoti. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, fimbo begani.

“Andika wengi kuliko tuliowajaribia,” nikasema.

Akasema hiyo si idadi. Nikamwambia najua, na asikate simu.

Nikaongeza mistari miwili, nikamwekea Mzee toleo jipya, nikalifuta faili akiona. Akaanza upya, ng'ombe kwa ng'ombe. Alipofika kwa jike mmoja mwenye mabaka akasema programu huwa inafia kwa huyu. Akamfungua. Ikapita. Akaendelea, mmoja baada ya mwingine, mpaka ndama wa mwisho aliyekuwa ananyonya karibu na lango.

Mzee akanyoosha mkono akachukua simu yangu.

“Wewe ndiye mkubwa wake? Imefika kwa wa mwisho. Ukitaka kuiondoa, njoo uiondoe mwenyewe hapa zizini, nikiwepo.”

Nilimsikia Lusekelo, mwenye digrii mbili, akisema haiondolewi, mzee, haiondolewi, na shikamoo.

“Marahaba,” Mzee akajibu. “Ungeanza na hiyo.”