Mafuriko Yaliyozuiwa

Kazi ya Rozalia ilikuwa kukadiria mafuriko ambayo hayakutokea. Huko juu mtoni kuna bwawa, nalo humeza kila furiko kabla halijafika pwani. Sasa utajuaje yale makubwa huja kila baada ya miaka mingapi? Unaliondoa bwawa kwenye hesabu, unayarudisha maji yote mtoni, msimu mmoja mmoja, uone yangefika wapi. Kompyuta ndiyo hufanya hivyo, ofisini Mtwara, feni ikizunguka.

Rozalia hakuwa mtu wa kuamini majini wala mizimu. Alikuwa mtu wa kwaya na chai ya rangi. Ndiyo maana siku alipokokotoa msimu wa kwanza, Zulfa alipompigia simu, alicheka tu. Zulfa hulima mpunga bondeni, karibu na mdomo wa Ruvuma, na ndiye aliyemkaribisha kwake alipokwenda kupima mto.

"Dada Roza, mto uko chini, mchanga mtupu. Lakini humu ndani matope hadi kwenye vifundo! Wala si maji ya bahari, nimeonja, hayana chumvi."

Msimu wa pili, kompyuta ilisema maji yangefika magotini pale kwa Zulfa. Chai haijapoa, simu ikaita. Maji yamekuja, yameondoka, mvua hakuna. Warda, mwanawe mchanga, kaokotwa mkekani amelowa chapachapa, anakohoa. Safari hii Rozalia aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Ulibaki msimu mmoja, mkubwa kuliko yote. Hata kabla ya kuukokotoa, mvua zake zilimtosha kujua kwamba paa la Zulfa lingezama. Mkuu wake, Innocent, alikuwa chumba cha pili akiusubiri. Rozalia akaizima kompyuta, akapiga simu.

"Mdogo wangu, mbebe Warda mpande mlimani. Sasa hivi!"

"Jua lote hili? Maji yatoke wapi, dada, na bwawa lipo?"

"Usiniulize. Nakuomba, kwa jina la Mungu."

Zulfa aliguna, akasema haya, ngoja kwanza amfunge mtoto mgongoni. Rozalia akashusha pumzi, simu bado iko sikioni.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Innocent, anatabasamu.

"Mama, umechoka sana wewe. Nenda kapumzike. Ule msimu wa mwisho nimeumalizia mwenyewe kwenye kompyuta yangu, sasa hivi tu."

Kwenye simu, Zulfa aliita jina la mwanawe mara moja, kisha yakasikika maji.